Istilahi za Ushuru wa Kuwakinga Wazalishaji wa Ndani

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mara kwa mara mezani petu na wafasiri na maofisa wa serikali ni hili: ushuru wanaotozwa wageni wanaoleta bidhaa kwa bei isiyo ya haki uitweje kwa Kiswahili? Aghalabu muulizaji amekwisha kuwa na jibu lake. Huandika "ushuru wa kulinda viwanda", naye hutaka tu tumwidhinishie. Hatuwezi kumwidhinishia, kwani chini ya jina hilo moja zimefichwa dhana tatu ambazo sheria ya biashara imezitenga kwa makusudi. Kila moja ina masharti yake ya kuthibitishwa, muda wake wa kutumika, na uzito wake wa lawama. Mbili zinamtuhumu mtu. Ya tatu haimtuhumu yeyote.

Jambo hili halikuwa na haraka sana zama ambapo sheria ziliandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili kikabaki cha kuzieleza kwa mdomo. Leo lina haraka. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria zilizopo zinapaswa kutafsiriwa. Mojawapo ni sheria ya mwaka 2004 inayohusu ushuru wa namna hii. Kenya nayo ilitunga yake mwaka 2017 na kuunda chombo cha kuisimamia. Na Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 2005, inazitaja hatua zote tatu. Mfanyabiashara atakayesoma tangazo la ushuru kwa Kiswahili ana haki ya kujua anashitakiwa kwa lipi, au kama hashitakiwi kabisa.

Kabla ya kuingia katika majina hayo, tuseme neno moja juu ya ushuru wenyewe. Wapo wanaoandika "kodi ya forodha" na "ushuru wa forodha" kana kwamba ni mamoja. Kodi ina maana pana: humfuata mtu, nyumba, mshahara na pato. Ushuru hukifuata kitu kinapopita mahali, iwe sokoni au bandarini. Asili yake ni neno la Kiarabu la sehemu ya kumi, yaani asilimia 10. Hata hivyo mkataba ambao Seyyid Said aliwekeana na Marekani mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa shehena iliyoteremshwa katika bandari zake. Ikawa "sehemu ya kumi" imekatwa nusu na jina lisibadilike. Hivyo ndivyo istilahi zinavyoishi. Forodha nayo ipo hadi leo katika jina la Forodhani, Unguja, japokuwa waendao pale jioni hawaendi kulipa ushuru.

Sasa tuitazame dhana ya kwanza, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Kanada ilikuwa ya kwanza kuitungia sheria, mwaka 1904, ilipolalamikia chuma cha Marekani kilichouzwa kwake kwa bei ya chini kuliko kilivyouzwa kwao. Mwaka 1923 mchumi Jacob Viner aliiandikia kitabu kizima, na mwaka 1947 ikaingizwa katika Ibara ya VI ya Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara. Maana yake ni kuiuza bidhaa katika nchi ya kigeni kwa bei iliyo chini ya thamani yake ya kawaida. Na thamani ya kawaida, kwa msingi, ni bei ambayo bidhaa ya namna ileile inauzwa huko inakotoka.

Msomaji aone kwamba maana hiyo haisemi neno lolote juu ya urahisi wa bidhaa. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Katika karne ya 19 merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem, kilienea pwani yetu na bara yake hata kikawa kama sarafu, nacho kiliwasumbua wafumaji wa Banadiri. Kilienea kwa kuwa kilikuwa imara na cha bei nafuu. Kama bei yake huku haikuwa chini ya bei ya kwao, basi hakukuwa na kosa lolote kwa sheria ya leo, hata kama wafumaji wote walifunga mitambo yao. Urahisi peke yake si dhuluma.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda cha nchi ya mbali huuza boksi la vigae kwa wateja wa nchini mwake kwa shilingi 10,000 kwenye mlango wa kiwanda. Boksi lilelile, kwenye mlango uleule, humuuzia mnunuzi wa Dar es Salaam kwa shilingi 8,000. Tofauti ni shilingi 2,000. Hapo mfasiri huandika "tofauti ya asilimia 20", kwa kuwa amezoea kulihesabu punguzo kutoka bei kubwa. Amekosea. Tofauti hii hupimwa kwa bei ya kuuzia nje, kwa hiyo ni 2,000 juu ya 8,000, yaani asilimia 25, na hicho ndicho kiwango ambacho ushuru hauwezi kukizidi. Kosa la neno "ya" mahali hapo huweza kuwagharimu walalamikaji sehemu ya tano ya kinga yao. Tunapendekeza istilahi hii iandikwe kwa ukamilifu wake kila inapojitokeza mara ya kwanza: "pengo la bei kwa asilimia ya bei ya kuuzia nje". Pengo likiwa chini ya asilimia 2, uchunguzi husimamishwa.

Jina la dhana lenyewe limezua majadiliano marefu. Tumekwisha kuona "utupaji wa bidhaa", na hatukuupenda. Kinachotupwa ni kisicho na faida tena kwa mwenyewe, lakini vigae vya mfano wetu ni vizuri kabisa. Isitoshe, utupaji umekwisha kutwaliwa na mikataba ya taka za sumu, na waziri akisimama bungeni kulaani "utupaji wa kigeni" hakuna atakayejua kama anasemea mapipa ya kemikali au masufuria. Wengine huandika "dampingi" na kumaliza kazi. Sisi si maadui wa maneno ya mkopo, lakini hili lina dosari ya pekee: mijini kwetu dampo ni mahali pa kutupia taka, nasi tunarudi palepale tulipopakimbia.

Tumewahi pia kulisikia "biashara ya hujuma". Lina mvuto, na linapendeza masikioni mwa mwenye kiwanda aliyeumizwa. Lakini Tanzania ilitunga sheria ya uhujumu uchumi mwaka 1983, ikaifuatishia nyingine mwaka 1984, na tangu hapo hujuma ni jina la jinai. Uuzaji tunaouzungumzia si jinai. Mkataba hauupigi marufuku. Unaruhusu tu nchi iliyoumizwa kuuziba kwa ushuru. Wala wachunguzi hawaulizi nia ya muuzaji. Wanauliza bei yake. Kuitia hujuma ndani ya istilahi ni kumhukumu mtu kwa kosa ambalo sheria haikulitaja.

Limebaki "umwagaji wa bidhaa". Hili husemwa na watu wenyewe: "wametumwagia mitumba", "soko limemwagiwa". Upungufu wake ni kwamba kumwaga kunaeleza wingi, na dhana hii ni ya bei. Tumepima, tukaona kwamba upungufu huo unavumilika ikiwa fasili imewekwa mlangoni mwa sheria. Basi katika vifungu vya fasili na katika hukumu iandikwe "uuzaji nje chini ya thamani ya kawaida". Katika vichwa vya habari, mazungumzo na mafunzo itoshe kusema "umwagaji". Ushuru wake uitwe "ushuru wa kukabili umwagaji". Tumechagua kukabili badala ya kuzuia kwa sababu ushuru huu hauzuii bidhaa kuingia. Vigae vitaingia, ila vitaingia vikiwa vimebeba shilingi zao 2,000.

Dhana ya pili ni nyepesi kidogo, kwa kuwa "ruzuku" imekwisha kukaa vizuri katika lugha. Hapa anayetuhumiwa si kampuni peke yake, bali serikali iliyo nyuma yake: imetoa fedha, imesamehe kodi au imekopesha kwa riba ya upendeleo, na bidhaa ikavuka mpaka ikiwa imebebwa mgongoni. Nchi inayoagiza hutoza ushuru unaolingana na ruzuku ile. Wengi wameuita "ushuru wa fidia", nasi tunashauri neno hilo liachwe. Fidia hulipwa aliyeumizwa. Ushuru huu hauendi kwake. Unaingia Hazina kama ushuru mwingine wowote, na mwenye kiwanda anapata tu uwanja uliosawazishwa.

Pingamizi letu si la kinadharia. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria, inayojulikana kwa jina la Seneta Robert Byrd, iliyoagiza mapato ya ushuru wa kukabili umwagaji na wa ruzuku yagawiwe kampuni zilizoleta au kuunga mkono malalamiko. Yaani iliufanya ushuru kuwa fidia hasa. Nchi nyingi zilishitaki, na mwaka 2003 Shirika la Biashara Duniani lilithibitisha kuwa mgawo huo unakiuka mikataba. Marekani ikaifuta kwa sheria iliyotiwa saini Februari 2006. Mfasiri anayeandika "ushuru wa fidia" anairudisha, bila kujua, sheria iliyokataliwa. Iandikwe "ushuru wa kusawazisha ruzuku".

Dhana ya tatu ni ile isiyomtuhumu mtu. Bidhaa zinaingia kwa bei halali, bila ruzuku, lakini zimeongezeka ghafla kwa kiasi ambacho wazalishaji wa ndani hawakukitarajia, nao wanaelekea kuanguka. Ibara ya XIX ya Mkataba wa 1947 inairuhusu nchi kujizibia kwa muda ili watu wake wapate kujirekebisha. Tumeona "hatua za kujihami" ikitumika. Anayejihami ana mshambulizi mbele yake, na hapa hayupo. "Kulinda" nalo ni pana mno. Kuna ushuru wa kawaida wa kulinda viwanda vichanga, kama ule wa asilimia 35 ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki iliuongeza katika viwango vyake vya pamoja kuanzia Julai 2022, nao hauhitaji uchunguzi wala ushahidi wa madhara. Ibara yenyewe imepewa kichwa kinachosema habari za dharura, na tumefuata kichwa hicho: "ushuru wa kinga ya dharura". Hudumu miaka 4, na huweza kurefushwa hadi 8; nchi zinazoendelea zimeruhusiwa hadi 10.

Kuna neno la nne ambalo magazeti hulichanganya na haya matatu, nalo ni "ushuru wa kulipiza kisasi". Kisa cha matairi na kuku kinafaa kuelezwa kwa kirefu hapa.

Tarehe 11 Septemba 2009 Marekani ilitangaza ushuru wa nyongeza wa asilimia 35 kwa matairi ya magari madogo yatokayo China, kwa kutumia kinga maalum ambayo China iliikubali ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001. Siku mbili baadaye China ilisema inaanza kuwachunguza kuku wa Marekani. Magazeti yaliandika kisasi, na huenda yalikuwa na sababu. Lakini ushuru uliotozwa mwaka 2010 haukuitwa hivyo. Sehemu yake ilikuwa ya kukabili umwagaji, kati ya asilimia 50.3 na 105.4 kwa kutegemea kampuni; sehemu nyingine ilikuwa ya kusawazisha ruzuku. Mfasiri wa waraka hana ruhusa ya kuweka dhana yake mahali pa jina la kisheria. Akishuku, na ashuku. Kalamu yake iandike kilichoandikwa.

Mzozo wenyewe uligeuka kuwa wa hesabu, na hesabu hiyo kila mama ntilie angeielewa. Wamarekani hupenda kidari na hawali miguu ya kuku. Wachina huipenda miguu. Kwa hiyo miguu haikuwa na bei ya maana huko ilikotoka, na thamani yake ya kawaida ikabidi ijengwe kutokana na gharama. Lakini kuku hulishwa mzima. Hakuna chakula cha miguu na chakula cha kidari. Gharama zikigawanywa kwa uzito, kama wachunguzi wa China walivyofanya, kilo ya miguu hubeba gharama sawa na kilo ya kidari, na bei yoyote ya miguu itaonekana iko chini ya thamani. Zikigawanywa kwa bei ambayo kila kipande huuzwa, kama vitabu vya wazalishaji vilivyoonyesha, umwagaji waweza kutoweka. Aliyewahi kununua shingo na miguu katika masoko ya Dar es Salaam anajua kwamba kilo si kilo. Mwaka 2013 jopo la Shirika la Biashara Duniani liliamua kuwa China haikueleza ipasavyo kwa nini iliziacha hesabu za wazalishaji wenyewe. Ushuru uliondolewa Februari 2018.

Tunachotaka msomaji akishike katika kisa hiki ni "mgawanyo wa gharama", istilahi ambayo tumeikuta mara mbili ikitafsiriwa "kugawana gharama". Kugawana ni kwa watu wanaochangia. Kugawanya ni kwa mhasibu na daftari lake.

Kuku wanatuletea pia tatizo la "viwanda vya ndani". Kwa Kiingereza neno moja hujumuisha mwenye tanuri la chuma na mfugaji wa kuku. Kwetu kiwanda ni jengo lenye mashine. Mfugaji anayesoma kwamba malalamiko huletwa na "viwanda vya ndani" ataliweka tangazo pembeni akiamini halimhusu, na muda wa kulalamika utampita. Iandikwe "wazalishaji wa ndani".

Tumefikia mahali ambapo, kwa maoni yetu, kosa ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Ushuru wa kukabili umwagaji, na ule wa kusawazisha ruzuku, hautozwi kwa kuwapo tu kwa pengo la bei au ruzuku. Sharti ithibitike kwamba wazalishaji wa ndani wamepata madhara, au wanatishiwa nayo, na kwamba yametokana na bidhaa hizo. Ushuru wa kinga ya dharura nao unataka madhara. Lakini viwango havilingani. Kwa kuwa kinga ya dharura humgusa muuzaji asiye na hatia, mikataba inataka madhara ya juu zaidi. Tafsiri tulizozipitia huandika "madhara makubwa" kote kote. Matokeo yake ni kwamba mlalamikaji wa umwagaji anatwishwa mzigo wa ushahidi ambao sheria haikumtwisha, na ombi lake laweza kutupwa kwa kosa la mfasiri.

Palipendekezwa "madhara halisi" kwa kiwango cha chini. Halifai, kwa sababu mkataba unatenga madhara yaliyokwisha kutokea na tishio la madhara, na neno "halisi" litaonekana kulifuta tishio. Tumechagua "madhara ya maana" kwa umwagaji na ruzuku, kwa namna ile ile tusemavyo hasara ya maana au mvua ya maana: si lazima iwe gharika, lakini si ya kupuuzwa. "Madhara makubwa" yaachiwe kinga ya dharura peke yake.

Mengine tutayapitia upesi. Ushuru unaotozwa uchunguzi ukiwa bado unaendelea ni "ushuru wa muda". Unaotozwa baada ya uamuzi usiitwe "wa kudumu", kwani hukoma baada ya miaka 5 isipokuwa mapitio yaonyeshe haja ya kuendelea; uitwe "ushuru uliothibitishwa". Mapitio hayo tuliletewa rasimu iliyoyaita "mapitio ya machweo", na tulilazimika kuisoma mara tatu kabla ya kuelewa kwamba jua la Kiingereza limezama katika Kiswahili. Ni "mapitio ya ukomo". Na hatua zote tatu kwa pamoja ziitwe "nafuu za kibiashara", kwa kuwa mahakama zetu zimezoea mdai kuomba nafuu. "Tiba" inaahidi kupona.

Lipo neno moja ambalo hatujalipatia ufumbuzi. Ushuru ukishawekwa, muuzaji huweza kuleta vipande badala ya bidhaa kamili na kuviunganisha huku, au kuipitisha bidhaa katika nchi ya tatu na kuibadilisha kidogo. Hadanganyi forodha: nyaraka zake ni za kweli. "Ukwepaji wa ushuru" kwa hiyo haufai, kwa kuwa katika sheria za kodi ukwepaji umekwisha kuwa na maana ya kosa la jinai. Baadhi yetu tunapendelea "uzungukaji wa ushuru". Wengine wanasema linachekesha. Wasomaji walio forodhani na katika vyumba vya mahakama, ambao huenda wameyasikia makarani wakilitaja jambo hili kwa jina lao wenyewe, tunawaomba watuandikie.